Papa potwe wa vizibo: siku moja ya kutengeneza sanaa kwa taka za Mto Msimbazi

Nililipa shilingi 40,000 kwa ajili yangu na 15,000 kwa ajili ya binti yangu mwenye umri wa miaka 9, ili turuhusiwe kuokota taka za watu wengine kutwa nzima. Jirani zangu walicheka nilipowasimulia, na mimi mwenyewe nilitabasamu nilipokuwa nikituma fedha hizo kwa simu. Hata hivyo nimerudi na mengi ya kusema, mengine ya sifa na mengine ya lawama, kuhusu huduma hii ambayo tangazo lake liliiita warsha ya siku moja ya kuokota taka za mto na kuzigeuza kuwa kazi moja ya sanaa ya pamoja.

Jina la kikundi nimeliacha kwa makusudi. Ni vijana wachache wenye nia njema, nami nisingependa makosa ya Jumamosi moja yawaandame miaka mingi, hasa kwa kuwa baadhi yake yanarekebishika kwa gharama ndogo sana. Aidha, warsha za namna hii huandaliwa na shule, na kampuni na vikundi vya mitaani, kwa hiyo mzazi au mwalimu anayefikiria kulipia yoyote kati ya hizo atafaidika zaidi akijua mambo ya kutazama kuliko akijua jina moja la kuliepuka au kulikimbilia.

Tulikutana saa mbili na nusu asubuhi mwezi Juni, katika kipande cha ufukwe wa Dar es Salaam, upande wa Upanga, si mbali na Daraja la Salender, pale ambapo Mto Msimbazi huingia baharini. Mahali hapo pamechaguliwa kwa akili. Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, ukapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, huku ukipokea maji ya mito midogo kama Ubungo na Sinza, na kwa sababu hiyo kila mfereji unaosombwa na mvua za masika hatimaye hupeleka mzigo wake pale. Mikoko iliyo mlangoni mwa mto hukamata sehemu ya mzigo huo, kiasi kwamba ukitazama kutoka darajani utaona vipande vya nailoni vikining'inia matawini kama nguo zilizoanikwa na kusahauliwa; sehemu nyingine huvuka, ikachezewa na mawimbi kwa muda, kisha upepo wa kusi ukairudisha mchangani. Mtu akiyaona hayo kwa macho hahitaji tena mhadhara wa uhusiano kati ya mfereji wa nyumbani kwake na bahari.

Kasoro ya kwanza ilijitokeza kabla hata hatujavaa glavu. Tulikuta maji yamejaa, na ufukwe umebaki ukanda mwembamba ambao watu 26 wasingeweza kuutembelea bila kukanyagana. Mtu yeyote wa pwani hii anajua kwamba siku za bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na kwamba siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, karibu na saa hizohizo, ndipo yanapojaa. Waandaaji walikuwa wametazama kalenda ya Jumamosi, hawakutazama mwezi. Matokeo yake tuliketi chini ya mikungu kwa muda wa saa moja na nusu tukisikiliza shukrani kwa wafadhili, na watoto wakaanza kurushiana kungu. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu wake jirani nasi aliuliza kwa upole kama tulikuwa tukisubiri mgeni rasmi. Ratiba ya kupwa na kujaa huchapishwa mapema na hupatikana kwa urahisi. Huduma inayouza ufukwe haina udhuru wa kutoisoma.

Kuhusu glavu sitasema mengi. Zilikuwa za watu wazima tupu, na watoto waliokota kwa mikono mitupu hadi mmoja wa wazazi alipokwenda kununua za jikoni dukani.

Tulipoanza kazi, mambo yalikwenda vizuri, na kwa muda wa saa moja tu tulijaza magunia 11. Sitayasimulia magunia hayo, kwa kuwa kila aliyewahi kutembea ufukweni baada ya masika anajua kilichokuwamo. Ninachotaka kukisimulia kwa kirefu ni kilichofuata, yaani meza ya kuchambua, kwa sababu thamani yote ya fedha nilizotoa ilikuwa pale, ingawa tangazo lenyewe halikuitaja meza hiyo hata kwa neno moja.

Walitandika turubai kubwa kivulini, wakamwaga magunia mawili kwa wakati mmoja, wakatugawa katika makundi manne. Kila kundi lilipewa karatasi ya kuhesabia iliyokuwa na mistari ya chupa, vizibo, mirija, ndala, vipande vya nyavu, nepi, nywele bandia na kadhalika. Utaratibu wa kuhesabu taka za ufukweni kwa karatasi una umri mrefu. Shirika la Ocean Conservancy la Marekani limekuwa likiuratibu tangu mwaka 1986, na hapa kwetu taasisi ya Nipe Fagio, iliyoanza kazi mwaka 2013, imekuwa ikienda hatua moja mbele kwa kuhesabu pia chapa za kampuni zilizoandikwa kwenye taka hizo. Nilikuwa nimesoma kuhusu kazi hiyo, lakini kusoma hakufanani na kuketi mwenyewe na rundo la vizibo mapajani ukiandika majina ya vinywaji ambavyo juzi tu ulikuwa navyo kwenye friji yako.

Msimamizi wa kundi letu alikuwa kijana aliyeijua kazi yake. Alichukua ndoo ya maji ya bahari, akakata kipande cha chupa ya maji kwa mkasi, akakitumbukiza pamoja na kizibo cha chupa hiyohiyo. Kizibo kilielea. Kipande cha chupa kilizama taratibu hadi chini, kikatulia. Akatueleza kwamba plastiki ya chupa ni nzito kuliko maji, na kwamba chupa huelea kwa sababu tu imefungiwa hewa. Ikifunguka na kujaa maji hushuka, ilhali kizibo chake, kilichotengenezwa kwa plastiki nyepesi ya aina nyingine, huendelea na safari peke yake. Ndiyo sababu, alisema, tulikuwa tumekuta vizibo vingi kuliko chupa. Watoto walirudia jaribio hilo mara nyingi kiasi kwamba ndoo ilibidi ijazwe upya.

Hapo ndipo alipoingilia kati mama mmoja wa makamo ambaye waandaaji walikuwa wamemwalika kwa kuwa huokota chupa eneo lile karibu kila siku na kuziuza kwa kilo. Binti yangu alikuwa amemwamkia kwa kumwita bibi, naye akamweka karibu naye tangu mwanzo. Alimsikiliza kijana mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwanangu, umesema kweli, lakini chupa hazipo hapa kwa sababu mimi nimepita alfajiri. Chupa ni hela. Kizibo nani anakiokota?” Kijana alicheka, akakubali, na kwa haki yake akamwomba mama aendelee. Kwa dakika kama 20 hivi meza yetu ikawa na walimu wawili, mmoja akieleza kinachozama na mwingine akieleza kinachouzika, na kutokana na maelezo hayo mawili tukaelewa ni kwa nini rundo lililokuwa mbele yetu lilikuwa na sura iliyokuwa nayo. Lilikuwa ni lile ambalo halikuzama na ambalo hakuna aliyelihitaji.

Mama huyo alikuwa na jicho la ajabu. Aliokota ndala moja ya kushoto, akaigeuza, akatuonesha ukingo wake uliokuwa umemegwa vipande vidogo vyenye umbo la pembetatu, akasema hayo ni meno ya samaki. Akachukua nyingine, ambayo upande wa chini ilikuwa imeotwa na viumbe vidogo vya gamba, wale wanaoganda pia kwenye ngalawa iliyokaa majini muda mrefu, akasema hii haikutoka mtoni leo wala jana, hii imekaa baharini. Ya tatu ilikuwa safi, haina gamba wala alama ya jino, ila matope meusi kwenye tundu la kamba. “Hii ya Jangwani,” alisema, na kwa namna alivyoitamka ilieleweka kwamba Jangwani hapo ni jina la mahali popote ambapo mafuriko hupita majumbani mwa watu. Nimekuwa mkazi wa jiji hili kwa muda mrefu na sikuwahi kujua kwamba ndala iliyotupwa inaweza kusomwa hivyo.

Kisha kilikuja kitu ambacho kiliwanyamazisha watu wazima wote mezani: kifuko kidogo cha pombe kali, kimekunjamana, rangi zake zimefifia lakini maandishi bado yanasomeka. Viroba hivyo vilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Ilinibidi nimweleze binti yangu kiroba ni nini, kwa kuwa vilipoondolewa sokoni alikuwa hajajua hata kusema. Haikuchukua muda tukapata pia mabaki ya mfuko wa rambo wa rangi ya samawati, ambao nao ulipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Msimamizi alitueleza kwamba taka za namna hiyo huweza kufukiwa na matope ya mto kwa miaka mingi, kisha mafuriko yakazifukua. Sijawahi kuona maelezo bora zaidi ya umri wa plastiki, na hayakuhitaji bango wala mchoro.

Lawama yangu kubwa ya kwanza inahusu saa ileile. Kwa kuwa tulikuwa tumepoteza saa moja na nusu tukisubiri maji yapwe, uchambuzi ulikatizwa katikati. Magunia matano yalikuwa hayajafunguliwa tulipoambiwa tuache, tuje kwenye sanamu, kwa sababu mpiga picha alikuwa na ahadi nyingine. Karatasi za kuhesabia zilikusanywa zikiwa nusu, na jumla haikuwahi kusomwa. Ukitaka kupima warsha yoyote ya aina hii kabla hujalipa, uliza swali moja: muda wa kuchambua ni kiasi gani, na hesabu hupelekwa wapi? Wakikujibu kuhusu sanamu, wamekwisha kukujibu.

Nije sasa kwenye sanamu yenyewe, ambayo sipendi ieleweke kwamba naidharau. Waandaaji walikuwa wamemlipa fundi wa kuchomelea atengeneze kiunzi cha nondo chenye urefu wa mita tatu hivi, kilichofunikwa kwa wavu wa kuku, katika umbo la papa potwe. Uchaguzi huo ulinifurahisha. Warsha nyingi za namna hii hukimbilia kasa, na kasa wa chupa za plastiki wamekuwa wengi kiasi cha kuchosha. Papa potwe, kwa upande wake, ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, huonekana katika maji ya Kisiwa cha Mafia, na hula kwa kupanua kinywa na kuchuja maji ya juu, yaani tabaka lilelile ambamo vizibo na mirija huelea. Hakuna mnyama ambaye mwili wake unahusika moja kwa moja na ndoo tuliyokuwa tumeitazama asubuhi kuliko huyu. Isitoshe, mgongo wake una madoa meupe ambayo mpangilio wake haufanani kati ya papa mmoja na mwingine, na watafiti huyatumia kumtambua kila mmoja. Doa ni duara, na duara ni kizibo, kwa hiyo aliyebuni wazo hili anastahili pongezi zote.

Kazi iligawanywa vizuri. Kundi moja lilishika mkia na kuusuka kwa vipande vya nyavu na kamba za nailoni. Kundi jingine likajaza mapezi kwa ndala zilizokatwa vipande na kupangwa kama magamba. Sisi tukapewa mgongo. Vifaa vilikuwa rahisi na salama: msumari uliochomwa moto kwa ajili ya kutoboa vizibo, ambao ulishikwa na watu wazima pekee, na waya mwembamba ule wanaoutumia mafundi kufungia nondo, ambao mtoto yeyote anaweza kuusokota kwa koleo. Hakukuwa na gundi kabisa, jambo ambalo nililiona kuwa la busara, kwa kuwa kilichofungwa kwa waya kinaweza kufunguliwa siku moja na kila aina ya plastiki ikarudishwa kwenye fungu lake.

Kwa jumla tulifunga vizibo 312 mgongoni. Najua idadi hiyo kwa sababu binti yangu alivihesabu, akavipanga kwa rangi: vya samawati karibu na kichwa, vyekundu katikati, vya kijani na njano kuelekea mkiani. Madoa hayakuwa meupe kama ya papa wa kweli, lakini kila kizibo kilikuwa bado na maandishi yake, na mtu aliyesogea karibu aliweza kusoma majina ya maji, soda na juisi zinazouzwa katika kila kioski cha mji huu. Kwa mbali alikuwa papa. Kwa karibu alikuwa hesabu ya asubuhi nzima. Ubishi mkubwa ulizuka kuhusu kinywa. Wengine walitaka kifungwe ili sura ipendeze, wengine walitaka kiachwe wazi kama anavyokula. Mama yetu ndiye aliyeamua kwa kuingiza humo rundo la mirija bila kumwuliza mtu, na kila mmoja akaona kwamba hapo ndipo mahali pake. Ushirikiano wa kweli katika sanaa nadhani huonekana pale mtu asiyeitwa msanii anapobadilisha kazi, na msanii akakubali ibaki hivyo.

Halafu ilikuja rangi.

Baada ya chakula cha mchana tulikuta makopo ya rangi ya kupuliza yamepangwa mezani, ya kijivu kwa ajili ya mgongo, nyeupe kwa madoa na tumbo. Tulielezwa kwamba papa ilibidi afanane na papa halisi ili apendeze kwenye picha, na kwamba mfadhili asingependa majina ya kampuni nyingine yaonekane kwenye kazi aliyoilipia. Sababu hiyo ya pili ilitamkwa kwa sauti ya chini, lakini ilitamkwa. Ndani ya nusu saa kila kitu kilikuwa kimefunikwa. Samawati, nyekundu, kijani na njano zikawa nyeupe moja. Ndala zenye alama za meno zikawa kijivu. Maandishi yote yakapotea. Mama alisimama kando akiwa amefunika pua kwa kanga, kisha akasema, “Kama ni kupaka rangi, si bora mngenunua bati?”

Sijapata namna bora ya kuieleza kasoro hiyo. Kitu kilichotengenezwa kwa taka kina nguvu kwa sababu taka ile bado inatambulika, na mtazamaji anaona kwa wakati mmoja mnyama na kopo, kazi ya mkono na kitu alichokitupa. Ukiifuta taka ndani ya sanamu, umebaki na sanamu ya kawaida iliyotengenezwa kwa malighafi duni. Na hapa kwetu hasa, ambapo asubuhi nzima tulikuwa tumefundishwa kusoma taka kama ushahidi, rangi ile ilikuwa ni kuufuta ushahidi mbele ya macho ya walioukusanya. Sitaji hata harufu yake kwa watoto, wala makopo saba matupu tuliyoyaacha kama taka mpya.

Lipo pia suala la mifano iliyo karibu nasi, ambayo waandaaji wangeweza kuiga. Nchini Kenya kampuni ya Ocean Sole, yenye karakana yake Nairobi, hutengeneza wanyama wa kila ukubwa kwa ndala zilizookotwa ufukweni na kwenye njia za maji, wazo ambalo asili yake ni Kiunga, kaskazini mwa Lamu, ambako mwishoni mwa miaka ya 1990 Julie Church aliona watoto wakijitengenezea vitu vya kuchezea kwa ndala zilizoletwa na bahari. Ndala hubandikwa pamoja hadi ziwe bonge, bonge likachongwa kwa kisu na kusuguliwa kwa msasa, na mistari ya rangi inayojitokeza kwenye mwili wa tembo au twiga ni rangi za ndala zenyewe. Vivyo hivyo jahazi la Flipflopi, lililozinduliwa Lamu mwaka 2018 baada ya kujengwa na mafundi wakiongozwa na Ali Skanda, lilitumia takribani tani 10 za taka za plastiki, na ubavu wake ukavikwa ndala zipatazo 30,000 za kila rangi. Liliposafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar mapema mwaka 2019, mwendo wa kilomita kama 500, halikuhitaji mtu wa kulieleza lilipotia nanga. Kila aliyekuja pwani aliona ndala. Lingepakwa rangi moja, lingekuwa jahazi kama majahazi mengine. Huko Marekani, katika jimbo la Oregon, mradi wa Washed Ashore ulioanzishwa na Angela Haseltine Pozzi mwaka 2010 huwashirikisha watu wengi wa kujitolea katika kuosha taka za bahari na kuzichambua kwa rangi kabla ya kujengwa wanyama wakubwa, yaani kazi ileile aliyoifanya binti yangu kwa vizibo vyake kabla havijapulizwa.

Dar es Salaam yenyewe ina urithi wake katika jambo hili, ingawa si wa taka za mto. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa kutumia vipande vya mbao za kushindiliwa (hardboard) za ujenzi na rangi za kupakia baiskeli, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana kwa bei ya mtu wa kawaida, na kutokana na uhaba huo ukazaliwa mtindo unaojulikana duniani kote. Hakuificha rangi ya baiskeli. Aliufanya mng'ao wake kuwa sehemu ya uzuri. Nilitamani mtu awaambie vijana wetu habari hiyo kabla hawajafungua kopo la kwanza.

Mambo mengine nayapitia haraka. Chakula kilikuwa wali wa nazi na samaki, kwenye sahani za udongo zilizooshwa palepale, na maji ya kunywa yalitolewa kwenye mapipa yenye bomba, kila mtu na kikombe chake. Hapo waandaaji walitenda walichohubiri. Choo kilikuwa kimoja na foleni yake ilikuwa ndefu. Chupa zote tulizookota alikabidhiwa mama akaziuze, na alilipwa pia posho ya siku, jambo ambalo niliuliza na kujibiwa bila kigugumizi. Hata hivyo, kwenye kibao cha chuma kilichofungwa chini ya sanamu yameandikwa majina ya wafadhili wawili na jina la kikundi, wala hakuna neno lolote kuhusu watu 26 waliofunga waya, seuze mama aliyeamua kinywa kiwe vipi. Kazi inayoitwa ya pamoja ingestahili angalau maneno hayo yenyewe.

Swali la mwisho ni la mahali pa kuiweka. Sanamu ilisimamishwa juani, upande wa barabara, ili ionekane na wapita njia. Plastiki iliyokwisha kukaa majini na juani kwa miaka hupauka na kuwa kavu kama ganda la yai; ukiirudisha kwenye jua la Dar es Salaam itaanza kumeguka vipande vidogo, na mvua ya vuli itavipeleka vipande hivyo kulekule vilikotoka. Paa dogo la makuti lingetosha kuchelewesha hali hiyo, na tarehe ya kuibomoa sanamu, ikitangazwa mapema, ingeimaliza. Nilipouliza, niliambiwa kwamba mpango wa matunzo bado unaandaliwa.

Nilipita tena pale wiki tano baadaye nikitoka kazini. Papa alikuwa bado yupo, ameinama kidogo upande wa kushoto, na mtu alikuwa ameanika fulana kwenye pezi lake. Rangi ya kupuliza haishiki vizuri kwenye plastiki laini, hivyo mgongoni ilikuwa imeanza kubanduka kama ngozi iliyoungua jua, na samawati ya vizibo ikichungulia chini yake pamoja na herufi mbili tatu za jina la maji.

Kwa ada ya shilingi 55,000 ya watu wawili, naiona huduma hii kuwa ya haki kwa familia yenye watoto wa kuanzia miaka 7 hivi, mradi uchambuzi upewe muda wake kamili. Warsha ijayo imetangazwa kufanyika Septemba. Nimekwisha kutazama mwezi: siku waliyoichagua maji yatakuwa yamepwa asubuhi. Tumejiandikisha, na safari hii tutakwenda na glavu zetu wenyewe.